Kuhama Si Kusafiri

Kutoka Minneapolis hadi Seattle kwa barabara ni kilomita kama 2,650, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Kiangazi, watu wawili wanaopokezana usukani huimaliza kwa siku mbili na nusu. Sisi tulitumia siku tano, maana tulihama Januari, na Januari katika majimbo ya kaskazini ya Marekani mwenye barabara ni upepo. Ukikuruhusu, unapita. Usipokuruhusu, unalala.

Kila niliyemwambia aliniuliza swali lilelile: kwa nini Januari? Jibu halina ushairi wowote. Kazi mpya ya maabara ilikuwa inaanza mwisho wa mwezi. Mkataba wa nyumba ulikuwa umekwisha. Na binti yangu, niliyeingia naye Minnesota akiwa na miaka mitano amenishika sketi, sasa anasoma chuo huko Seattle. Ningeweza kupanda ndege, ila vyombo vya miaka kumi na minne havipandi ndege kwa bei ya mshahara wangu. Nikakodi lori, nikampigia simu mdogo wangu aliyeko Houston. Akaja. Alikuwa hajawahi kuendesha gari juu ya theluji hata mita moja.

"Si unaniamini?" aliniuliza uwanja wa ndege, amevaa koti la kuazima.

"Kuamini nakuamini. Tairi ndiyo siiamini."

Majirani zangu wa Minnesota ni watu wasiosema sana, lakini kwa habari ya baridi wana maneno. Walikuja mmoja mmoja na mawaidha na mizigo. Beba koleo. Beba mablanketi. Beba mshumaa na kopo la bati, kwa sababu mkikwama, mshumaa mmoja ndani ya gari unaweza kuwavusha usiku. Beba mfuko wa mchanga wa choo cha paka. Tairi ikizunguka bure kwenye barafu, unaumwaga chini yake. Mzee wa ghorofa ya chini alisisitiza jambo moja tu: mkikwama, msitoke garini kwenda kutafuta msaada. Watu hupotea hatua chache kutoka kwenye gari lao.

Nyuma ya lori tulipakia vitanda viwili, meza, maboksi kumi na tisa ya vitabu, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na mikeka miwili ya Pemba. Mbele, miguuni pa abiria, karibu na hita, nikaweka chungu cha mshubiri, kwa kuwa mmea huko nyuma ungekuwa barafu kabla hatujatoka mjini. Mdogo wangu aliutazama. "Yaani mimi nikunje miguu siku tano kwa ajili ya shubiri?" Akaikunja.

Barabara ya I-94 ikitoka Minnesota inavuka Mto Red pale Fargo na kuingia North Dakota. Nimeona mbuga, nimeona bahari, lakini tambarare kama ile sikuwa nimeiona. Zamani za barafu kuu, eneo lile lilikuwa chini ya ziwa kubwa ambalo wanajiolojia huliita Agassiz. Ziwa limekwisha, sakafu imebaki. Hakuna kilima wala kichaka cha kumzuia mtu macho, na kwa hiyo hakuna kitu cha kuzuia upepo. Theluji iliyoanguka juzi upepo unaizoa leo na kuitambaza barabarani. Juu, mbingu ni ya buluu safi, jua linawaka. Chini, kuanzia magotini, huoni lami. Unaendesha kama unayevuka mto wa maziwa. Mdogo wangu alishika usukani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza toka azaliwe hakuwa na la kusema.

Pale Jamestown lipo sanamu la nyati la zege, limesimama toka mwaka 1959, na wenyewe wanajisifu kuwa ndilo kubwa kuliko yote duniani. Tulishuka tupige picha. Tulikaa nje dakika mbili. Simu yangu ilizima kwa baridi, na ndani ya pua nikahisi kitu kama miiba midogo. Ni unyevu wa pumzi uliokuwa unaganda. Kiswahili kina kipupwe, ule ubaridi mtamu wa Juni na Julai unaokuja na kusi, watu wakajifunika kanga mbili. Kuiita ile kipupwe ingekuwa matusi kwa kipupwe.

Na saa nayo ilituchanganya. Saa yetu ya Kiswahili ni mtoto wa ikweta. Jua linachomoza, unahesabu moja. Linazama, unaanza upya. Kwa mwaka mzima haikosei sana. Lakini Bismarck, mwezi wa Januari, jua linachomoza kwenye saa mbili na nusu ya asubuhi, na saa kumi na moja na nusu ya jioni limeshazama. Asubuhi ya pili mdogo wangu alifungua pazia la moteli akakuta giza. "Dada, saa mbili hii ni ya asubuhi au ya usiku?" Nilicheka. Kisha nikaona kwamba swali lake lina haki. Kwa hesabu ya nyumbani siku ilikuwa na saa mbili tayari. Kwa hesabu ya pale ilikuwa haijazaliwa.

Giza lile halikututoa moteli. Usiku ule upepo ulikuwa umeongezeka, na barabara kuu kutoka Bismarck kwenda magharibi ilikuwa imefungwa. Huko kufunga barabara si tangazo la redio tu. Kwenye njia za kuingilia kuna vizuizi, na vikishushwa, mtu haingii. Kipimajoto kilisoma sentigredi 29 chini ya sifuri. Magari ya wenyeji yalikuwa yametoa waya za umeme puani, yamechomekwa ukutani kama simu, ili injini zisigande. Lori letu halikuwa na waya. Mdogo wangu alikuwa akishuka kila baada ya saa mbili kuliwasha, analiacha lingurume, anarudi anapuliza vidole.

Aliporudi mara ya tatu, alitoa bahasha kwenye begi lake.

Nilijua imo. Nilijua toka Houston. Kaka yetu mkubwa, aliyeko Dar, alikuwa amepata mnunuzi wa nyumba ya baba, Ngamiani, na alihitaji saini zetu sisi wawili kumpa uwakala wa kuiuza. Mdogo wangu alikuwa ameshasaini yake. Nyumba yenyewe ni ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kisima na mkungu. Baba aliijenga kwa mshahara wa reli, chumba baada ya chumba, na kila chumba kina umri wake. Tangu mama afuate, wamekaa wapangaji. Bati la upande wa uani limeoza. Mpangaji wa mwisho alikuwa na miezi saba hajalipa, na kila mvua ya masika kaka anatuma fundi, na sisi tunatuma hela.

Kwa mirathi yetu, wana wawili wa kiume na mimi mmoja, fungu langu ni moja kati ya matano. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba kaka alikuwa na hoja zote na mimi sikuwa na hata moja.

"Nani atakaa pale?" mdogo wangu aliuliza, kwa upole. "Wewe?"

"Siku moja."

"Dada. Unahamia Seattle."

Nikamwambia aende akawashe lori.

Ilikuwa ni wakati wa adhuhuri, na aliporudi tulisali. Kibla cha Bismarck kiko kaskazini mashariki, upande wa mlango wa bafu. Yeye alitangulia, mimi nyuma yake, tukasali rakaa mbili badala ya nne, kisha alasiri papo hapo, mbili tena. Ndiyo ruhusa ya msafiri: rakaa nne huwa mbili, na sala mbili hukusanywa pamoja. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ruhusa inakwisha ukifika mahali ukanuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka. Na inakwisha ukirudi kwenu. Toka madrasa nilikuwa naijua kama mtu anavyojua hesabu za kuzidisha. Sikuwahi kuiona kama swali.

Mdogo wangu alikunja mkeka, akauweka juu ya hita upate joto, akasema bila kunitazama: "Hebu nikuulize. Ukienda Tanga siku tatu, utasali mbili au nne?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Siku tatu hazifiki nne. Kwa hiyo kama ni mgeni, ni mbili. Kama ni kwangu, ni nne. Hakuna ya tatu. Mashehe wetu wana maneno mengi juu ya mambo mengi, lakini hapo wameuliza jambo moja tu, na ukishasimama kwenye mkeka huwezi kujibu "inategemea".

"Swali la kijinga," nilisema.

"Basi usijibu."

Tulikaa Bismarck usiku wa pili. Ndani ya maboksi yale kumi na tisa nilikuwa nimetoa kitabu kimoja tu cha kusoma njiani, nakala ya masimulizi ambayo Mjerumani Carl Velten aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Nilikichagua kwa ajili ya mtu mmoja, Salim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 na kuacha masimulizi aliyoyaita safari yangu ya Urusi na ya Siberia. Nilitaka mwenzangu wa baridi. Nilitaka kujua mtu wa lugha yangu alifanya nini na maneno yetu alipofika mahali ambapo maneno yetu hayajafika.

Usiku ule, hita ikigonga na upepo ukipiga dirisha kama mtu anayedai deni, jicho langu halikwenda kwenye baridi. Lilikwama kwenye jina la masimulizi. Safari yangu. Mtu anakwenda mpaka Siberia, na bado neno lake ni safari. Na mimi, nilipotoka Tanga miaka kumi na minne iliyopita, niliwaambia watu hivyohivyo: nasafiri. Hakuna aliyesema anahama. Mama alinifungia vitumbua na mkate wa mchele kama mtu wa wiki mbili. Hata nilipopata karatasi za ukazi, hata binti yangu alipoanza kuota ndoto kwa Kiingereza na kuzisema usingizini, nilikuwa msafiri. Msafiri ana nyumba mahali. Haijalishi inavuja.

Lakini sasa nimepakia kinu kwenye lori. Mtu hasafiri na kinu. Mtu anayetoka mji mmoja wa ugenini kwenda mji mwingine wa ugenini na kinu chake amehama, na kwa kuhama amekiri kwamba alipokuwa ni mahali alipokuwa akiishi, si mahali alipokuwa akingoja. Sikuwa nimelisema hilo kwa yeyote. Lori lilikuwa limelisema.

Vizuizi viliinuliwa asubuhi ya siku ya tatu. Tuliuvuka Mto Missouri, ambao maji yake yanakwenda kuungana na Mississippi, mto niliokuwa nikiuona kila siku nikienda kazini. Kabla ya Dickinson tukaingia ukanda mwingine wa saa, tukarudishiwa saa moja. Mdogo wangu alifurahi kama aliyelipwa. Mimi nilipiga hesabu nyingine. Minneapolis, saa mbili ya asubuhi ni saa kumi na moja ya jioni Tanga. Bado unawakuta watu barazani. Seattle, saa mbili ya asubuhi huko ni saa moja ya usiku. Wakati mimi naamka, wao wanawasha taa. Nilikuwa nahamia karibu upande wa pili wa mchana wao.

Montana ni kubwa mpaka unaanza kuichukia, halafu inakunyamazisha. Kutoka Glendive barabara inafuatana na Mto Yellowstone, na tulikwenda nao mchana kutwa, barafu ikielea katikati kama sahani. Tulilala Billings. Kesho yake, mashariki ya mji wa Butte, tulipanda Homestake, mita zaidi ya 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hapo kuna bao linalosema kwamba ndipo maji ya bara lile yanapogawanyika. Tone likianguka upande huu linaishia Ghuba ya Meksiko. Likianguka upande ule linaishia Pasifiki. Mdogo wangu alipunguza mwendo tusome, lori nyuma yetu likapiga honi, tukawa tumeshavuka.

Kuhusu nyumba hatukusema kitu kutwa nzima. Tulizungumza habari za baba: alivyokuwa akirudi na nguo zinazonuka dizeli, alivyokataa kuweka dirisha chumba cha kwanza upande wa barabara kwa kuogopa maneno ya watu, mama alivyolitoboa mwenyewe alipokuwa zamu. Mdogo wangu hakuwa anaijua hiyo ya dirisha. Alicheka hadi nikamwambia atazame mbele. Kumbe alidhani dirisha lile limekuwepo siku zote.

Tulilala Missoula, na siku ya tano ikawa ya milima. Tuliingia Idaho kwa kilele cha Lookout, saa zikarudi nyuma tena, tukapita Spokane, tukavuka Mto Columbia. Alasiri tulisimamishwa pamoja na mamia ya malori, kabla ya kilele cha mwisho, Snoqualmie. Juu kule theluji ilikuwa imejaa kwenye miteremko, na wahusika hufunga barabara wakailipua kwa baruti ianguke kwa hiari yao kabla haijaanguka kwa hiari yake. Tulisubiri saa moja na zaidi. Madereva walishuka wakavuta sigara. Mshubiri ulikuwa umeinamia upande wa hita, jani moja limeungua, mengine mazima.

"Mbili," nilisema.

Mdogo wangu alikuwa anasinzia. "Mbili nini?"

"Tanga. Siku tatu. Nitasali mbili."

Nilitegemea atasema, basi saini. Ndiyo kazi aliyotumwa. Hakusema. Aligeuza uso dirishani akakaa hivyo, mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake, na mabega yake yakaniambia asichotaka nikione. Yeye alikuwa ameshasaini zamani. Nadhani alisaini kwa nguvu ya kujua kwamba mimi nitakataa, na kwamba nikikataa nyumba itakuwepo, naye atakuwa mtu wa busara mwenye dada mkaidi na nyumba Ngamiani.

"Mimi ningesali nne," alisema hatimaye.

"Wewe umesaini."

"Nimesaini. Ningesali nne."

Sikubishana naye. Barabara ikafunguliwa. Tulipanda katikati ya kuta za theluji ndefu kuliko lori, tukashuka upande wa pili, na kabla ya kufika chini theluji ikawa mvua. Mvua ya kawaida, ya kumwagika, inayopiga bati la lori kwa sauti niliyoijua. Wipa zilifanya kazi yake. Mdogo wangu alifungua dirisha kidogo akatoa mkono.

Binti yangu alitupokea na wali wa sahani za karatasi. Hatukushusha kitu usiku ule zaidi ya godoro moja na mikeka. Karatasi niliisaini wiki ya pili, mezani, baada ya kuipata meza, nikaituma. Nyumba imeuzwa Machi. Kaka alinitumia fungu langu na picha moja ambayo sikumwomba, ya lile dirisha.

Lakini usiku ule wa kwanza, kabla mdogo wangu hajalala, tulisali isha. Alitangulia yeye, maana ndiye mwanamume, na kwa kuwa kesho kutwa alikuwa anarudi Houston alinuia mbili, sala ya msafiri. Binti yangu na mimi tulisimama nyuma yake na nia ya nne. Rakaa ya kwanza pamoja. Rakaa ya pili pamoja. Akakaa, akasoma tahiyatu, akatoa salamu kulia na kushoto, safari yake ikaishia hapo. Binti yangu alinitazama kwa pembe ya jicho, hakuwa amewahi kusali nyuma ya msafiri na hakujua linalofuata.

Nikainuka. Naye akainuka. Tukamalizia mbili zilizobaki.